Kabureta Inasingiziwa

Kuna hukumu moja ambayo huku Nyasho, Musoma, haikatiwi rufaa. Peleka gereji Land Rover ya petroli, Peugeot 504 pikapu au Datsun ya enzi za mwaka 47, useme siku hizi inakula mafuta, haina nguvu, au haishiki sailensa, yaani inazimika ikisimama. Boneti haijasimama vizuri kwenye kijiti chake, tayari umeshaambiwa: "Mzee, kabureta imechoka hii. Tukutafutie ya Hiace tufunge, utasahau shida." Anayesema hivyo hajachomoa plagi hata moja, wala hajauliza gari lilifanyiwa nini mwezi uliopita. Na mwenye gari anaitikia, kwa sababu kijiweni ameshasikia hivyo hivyo: kuna mtu wa Bweri alifunga ya Toyota kwenye Land Rover, kuna mwingine wa Bunda alifunga ya Nissan kwenye Peugeot, na magari yote mawili "yameamka".

Naipinga imani hiyo. Sisemi kabureta haiharibiki. Inaharibika, na nitaeleza namna inavyoharibika. Wala sisemi ni mwiko kufunga kabureta tofauti na ile iliyotoka nayo kiwandani. Ninachosema ni kwamba mara nyingi kabureta inayotolewa haikuwa na kosa, inayofungwa haikupimiwa injini ile, na nafuu inayosifiwa imeletwa na kazi nyingine iliyofanyika siku hiyo hiyo. Tena imani hii haidumu kwa ujinga wa mafundi. Inadumu kwa sababu sisi wenye magari tunakubali kulipia kufunga, hatukubali kulipia kupima.

Kwanza tumpe mpinzani haki yake. Magari ya zamani ya mkoa wa Mara hayakuletwa kwa maonyesho. Yalikuja kufanya kazi: ya misheni za Wamennonite waliofika Shirati mwaka 1934 na mapadri wa Maryknoll waliofika Musoma mwaka 1946, ya hifadhi ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951, ya vyama vya ushirika wa pamba, ya idara za serikali. Yaliponunuliwa kwenye minada yakaingia mikononi mwa watu binafsi, na mengine yanatembea mpaka leo. Spea zake zimeadimika. Pakiti ya gasketi na ringi za kabureta ya Zenith unaagiza Nairobi au Uingereza na kungoja. Kabureta ya Hiace iliyotumika unaishika mkononi jioni hiyo hiyo. Juu ya hayo, petroli ya Musoma inasafiri kwa lori kutoka pwani, na bei kikomo ambazo mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutangaza kila mwezi zinaonyesha kwamba tunailipia zaidi kuliko watu wa Dar es Salaam. Mtu anayeona geji inashuka huku akitazama ana haki ya kuwa na haraka. Lakini haraka ya mgonjwa haiifanyi kila dawa kuwa dawa.

Kabla ya kuihukumu kabureta, tujue kwanza ni nini: ni kipimo. Hewa inayovutwa na pistoni inapita kwenye koo lililobanwa katikati. Pale palipobanwa mwendo wa hewa unaongezeka na kanieneo inashuka, kama alivyoeleza Mtaliano Giovanni Battista Venturi mwaka 1797, na petroli inafyonzwa kupitia jeti. Vingine vyote, yaani floti, sindano yake, jeti ya sailensa, pampu ndogo ya akseleta na choki, vimewekwa ili kipimo kiwe sahihi injini ikiwa baridi, ikiwa inanguruma imesimama, au ikiwa inapanda mlima imebeba samaki. Ili petroli iungue yote, kilo 1 inahitaji hewa kilo 14.7. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa ujazo, lita moja ya petroli kwa hewa ya hapa Musoma inahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa. Na kinachosimamia uwiano huo ni tundu la shaba linalozidi milimita moja kidogo tu.

Tulitazame tundu hilo kwa karibu. Jeti iliyoandikwa 125 ina kipenyo cha milimita 1.25. Fundi anaona gari "limekaukiwa", anachukua kibiti chembamba, anakizungusha kwa vidole mpaka tundu linafika 1.40. Amepanua milimita 0.15, kitu ambacho jicho halikioni. Lakini petroli haipiti kwenye kipenyo, inapita kwenye eneo, na eneo la tundu limeongezeka kwa robo nzima. Hapo hatujagusia kingo za jeti ambazo zilikerezwa laini kiwandani na sasa zina mikwaruzo. Mwenye gari anaambiwa jeti "imefunguliwa kidogo". Robo ya petroli ya safari si kidogo kwa mtu anayenunua kwa bei ya Musoma.

Kwa sababu ni kipimo, kabureta hupangwa pamoja na injini yake: ukubwa wa silinda, mizunguko, manifoldi, hata aina ya ea klina. Injini ya Land Rover ya cc 2,286, iliyoanza kufungwa mwaka 1958, ilitoka na kabureta ya Solex. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikapewa Zenith 36 IV. Baadaye watu wengi duniani wakazoea kuifunga Weber 34. Mpinzani wangu atarukia hapo: kumbe hata kiwanda kilibadilisha! Ndiyo, kilibadilisha, na kilipobadilisha kilibadilisha pia jeti, koo na mikono ya akseleta, kikapima upya. Tazama namba zenyewe: Solex ya injini hiyo ni ya 40, Zenith ni 36, Weber ni 34. Namba hizo ni kipenyo cha mahali batafulai inapozunguka, hazisemi injini itapewa petroli kiasi gani. Kabureta tatu za vipenyo vitatu ziliitumikia injini moja kwa sababu kila moja ilipangiwa injini hiyo. Mfano huo unamshinda anayeutaja.

Twende kwenye mashtaka yenyewe. Kula mafuta, kukosa nguvu, kumisi. Land Rover ya petroli inaweza kuonyesha dalili zote tatu huku kabureta yake ikiwa nzima kabisa. Pointi zinatakiwa kuachana milimita 0.35 hadi 0.40, zikikaribiana, taimingi inachelewa na cheche inadhoofika. Tapeti zinatakiwa 0.25, zikibana, valvu haifungi vizuri na mgandamizo unavuja. Breki za dramu zikishika, injini inasukuma gari na breki kwa pamoja. Nyanyua gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono, utajua. Klachi ikiteleza, mizunguko inapanda gari halisogei. Kikombe cha kioo chini ya pampu ya mafuta kikiwa na matone ya maji yanayotembea chini ya petroli, basi gari linamisi kwa sababu ya kidumu ulichonunulia barabarani, na hakuna kabureta ya Kijapani itakayogeuza maji kuwa petroli.

Chukua kitu kimoja ambacho karibu hakitazamwi. Ubavuni mwa distributa kuna kikopo cha bati, na kutoka kwenye kikopo kuna kipaipu chembamba kinachokwenda kwenye kabureta. Ndani ya kikopo mna kiwambo cha mpira. Gari likitembea kwa mwendo wa wastani, upepo unaofyonzwa na kabureta unavuta kiwambo, kiwambo kinazungusha bamba la pointi, na cheche inawahi. Kiwambo hicho kikipasuka, na baada ya miaka 40 kimepasuka kwenye magari mengi, cheche inachelewa safari nzima. Injini inachoma petroli wakati pistoni imeshaanza kushuka, dereva anaongeza mguu, geji inashuka. Kukipima hakuhitaji hata spana. Chomoa kipaipu upande wa kabureta, fungua kifuniko cha distributa, nyonya kwa mdomo. Bamba la pointi lisogee; ukiziba kwa ulimi libaki pale pale. Likirudi, kiwambo kimekwisha. Ni nusu dakika. Muulize fundi aliyeihukumu kabureta yako kama alinyonya.

Sasa fikiria kinachofuata kabureta ya Hiace ikiingia. Ina vitundu vyake vya upepo, vingi, kwa ajili ya vifaa ambavyo Land Rover haina. Kipaipu cha distributa kinachomekwa popote kinapokubali, au kinazibwa kwa skrubu. Kama kiwambo kilikuwa kimepasuka, ugonjwa umebaki. Kama kilikuwa kizima, ugonjwa umetengenezwa leo.

Mpinzani atasema: mbona magari yanaamka? Hapa ndipo penye kiini cha ubishi, kwa hiyo tusipite haraka. Siku ya kufunga kabureta nyingine, fundi hafungi kabureta tu. Anachomoa plagi anazisugua. Anafuta pointi kwa msasa na kuzipanga. Anabadilisha gasketi ya manifoldi iliyokuwa inanyonya hewa, kwa sababu lazima aifungue. Anamwaga tangi, anapuliza mipira ya mafuta, anaweka kichujio kipya cha shilingi elfu chache. Mwisho anapiga taimingi kwa sikio mpaka mlio unakaa. Kazi zote hizo zingefanyika kabureta ya zamani ikiwa mahali pake, gari lingeamka vilevile. Lakini kilicho kipya machoni ni kabureta, kwa hiyo sifa zote inapewa yenyewe. Baada ya miezi michache pointi zimekaribiana tena, gari limelala tena, na safari hii anayeshtakiwa ni "hii ya Hiace haikuwa nzima". Inatafutwa ya tatu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Jaribio la kuipima imani hii ni rahisi na hakuna anayelifanya. Fanya matengenezo yote hayo kabla ya kugusa kabureta. Jaza tangi hadi shingoni, nenda Bunda urudi kwa mwendo wako wa kawaida, jaza tena pampu ile ile, gawa kilomita kwa lita. Kisha, ukitaka, funga kabureta nyingine urudie njia ile ile. Bila namba ya kabla hakuna namba ya baada, na "linaruka" si namba.

Namba hiyo nayo isomwe kwa akili. Land Rover ya injini hii ikiwa na afya njema inakwenda kama kilomita 5 hadi 7 kwa lita, kutegemea mzigo na njia. Mwenye nayo anaegesha kando ya Toyota IST ya jirani, anasikia jirani anavuka kilomita 14, anaona ameibiwa. Hajaibiwa. Pikapu ya Land Rover ya 109, yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ina uzito wa karibu tani moja na nusu kabla hujapakia kitu, mbele ni bapa, na mgandamizo wa injini yake ni 7 au 8 kwa 1 wakati IST iko juu ya 10 kwa 1. Tofauti hiyo imo kwenye bati na kwenye silinda. Ukiitafuta kwenye kabureta utabadilisha kabureta mpaka uishiwe.

Na ikithibitika kwamba kabureta ndiyo inayoumwa? Hapo pia hukumu ya Nyasho inakwenda mbio kupita ugonjwa. Zenith 36 IV ina udhaifu unaojulikana popote Land Rover inapotengenezwa: uso unaounganisha kifuniko cha juu na mwili hupinda, mara nyingi kwa sababu mtu alizikaza skrubu kupita kiasi. Ndani yake kuna ringi ndogo ya mpira inayoziba njia ya petroli. Uso ukipinda au ringi ikikauka, petroli inapita pembeni bila kupimwa na jeti, gari linatoa moshi mweusi, sailensa inapotea. Mtu akiiona hali hiyo ataapa kwamba kabureta imekufa.

Dawa yake inafanyika juu ya meza. Paka uso wa kifuniko wino wa kalamu ya alama. Tandika msasa laini wa maji juu ya kioo kinene, lowesha, weka kifuniko kifudifudi, sugua kwa kuzungusha namna ya tarakimu nane bila kukandamiza. Geuza utazame. Wino uliofutika ni pale palipo juu. Uliobaki ni bonde. Endelea mpaka wino uishe kote. Fanya hivyo hivyo kwenye mwili, badilisha ringi, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kukingamisha. Ikiwa shafti ya batafulai imelegea na inanyonya hewa, mkereza vyuma anatoboa na kuingiza bushi za shaba. Hakuna hapo kitu kinachoshinda gereji ya Nyasho. Mafundi wetu wanaotengeneza injini za boti kwa kuchonga spea wasizoweza kununua hawawezi kushindwa na kioo na msasa. Hawafanyi kwa sababu hakuna anayewalipa kusugua.

Upande wa kabureta inayoingia, matatizo yanaanzia kwenye bamba. Manifoldi ya Land Rover ina tundu moja. Kabureta ya Hiace ina makoo mawili. Lazima bamba la kuunganisha. Moja nililoliona chini ya boneti ya 109 lilikuwa kipande cha alumini kilichokatwa kwa msumeno wa mkono, kimepakwa silikoni nyekundu juu na chini. Koo la pili la kabureta lilikuwa limeangukia nusu kwenye tundu la manifoldi na nusu kwenye ukingo wa chuma. Dereva akikanyaga, koo la pili likifunguka, petroli ilikuwa inagonga ukingo, inalowa na kutiririka badala ya kwenda mvuke. Silikoni yenyewe petroli ilishaanza kuila. Solenoidi ya kukata petroli haikuwa na umeme, kwa hiyo sindano yake ilikuwa imekatwa. Choki ya otomatiki, ile inayofunguliwa na maji ya moto kutoka kwenye injini, haikuwa na maji, kwa hiyo ilikuwa imefungwa na waya ibaki wazi. Gari lilinguruma vizuri likiwa limesimama. Ndivyo linavyojaribiwa: limesimama, fundi anavuta waya wa akseleta, watu wanaitikia kwa vichwa.

Linaloniudhi kuliko yote ni ea klina. Land Rover hizi zilitoka na ea klina ya bafu la oili: hewa inapinda juu ya oili, vumbi linanasa. Bomba lake linakaa kwenye mdomo wa kabureta ya asili. Kabureta ya Hiace ina mdomo mwingine, bomba halikai, ea klina inawekwa kando, inafungwa wavu au kipande cha sponji, au mdomo unaachwa wazi. Kisha gari linapelekwa njia za Majita kiangazi. Vumbi lile likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusugulia silinda. Ringi zinaisha, injini inaanza kula oili, plagi zinalowa, na kwa kuwa moshi umerudi utasikia tena: kabureta. Mtu aliyekwenda kuokoa lita mbili za petroli amenunua pistoni nne.

Pampu nayo inasahaulika. Pampu ya asili, inayosukumwa na injini, inatoa msukumo mdogo, kati ya baa 0.1 na 0.2. Baadhi ya watu, wakishafunga kabureta nyingine, huongeza pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la EFI, ambayo inavuka baa 2. Sindano ya floti haiwezi kuuzuia msukumo huo. Petroli inafurika, inashuka ukutani mwa silinda, inaosha oili, na ikidondoka kwenye ekzosi yenye moto hasara haitakuwa ya mafuta tena.

Kuna hoja moja ya kweli kuhusu kabureta na mahali tunapoishi, na ajabu ni kwamba wanaopenda kubadilisha hawaitaji. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Musoma ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiwango hicho, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari inatoa hapa mchanganyiko wenye petroli zaidi kwa kama asilimia 5, na ukipanda Tarime inazidi. Kumbe gari la zamani lina sababu halisi ya kumwaga kidogo hapa kwetu. Dawa yake ni jeti iliyo ndogo kwa hatua moja, kitu cha shaba kinachoingia mfuko wa shati. Kabureta ya Hiace iliyokuja kutoka Japani nayo ilipangiwa usawa wa bahari. Umebadilisha kila kitu ukabakiza lile lile lililokuwa likikusumbua.

Nimebakiza hoja mbili za kijiweni. Ya kwanza: funga ndogo uokoe mafuta. Kabureta ndogo mno inaibana injini. Dereva wa 109 iliyobeba mzigo hatakubali kutambaa. Atakanyaga mpaka chini, na hapo kabureta inafanya kazi nje ya kipimo chake. Ikiwa jeti zake ni za injini ya cc 1,300, mchanganyiko unakosa petroli, moto wa silinda unazidi, ncha za plagi zinakuwa nyeupe, na valvu za ekzosi zinaungua. Valvu na kazi ya kuzisaga zina bei. Petroli iliyookolewa hailipi.

Ya pili: funga kubwa upate nguvu, mbona magari ya Safari Rally yalifanyiwa hivyo? Mashindano yale yalianza mwaka 1953 na yana heshima yake. Lakini gari la mashindano lilibadilishwa kamshafti, mgandamizo na ekzosi, likafuatana na mafundi wenye masanduku ya jeti, na injini ikifa baada ya fainali hakuna aliyeshangaa. Wanaotaja Peugeot wamtazame mshindi wa mwaka 1975, Ove Andersson: 504 aliyoiendesha ilikuwa ya kupuliza petroli kwa sindano, haikuwa na kabureta kabisa. Kwenye injini ya kawaida, koo kubwa linapunguza mwendo wa hewa, mfyonzo unadhoofika, na gari linakohoa kila unapokanyaga kutoka mwendo wa chini. Barabara zetu za Nyasho, zenye watu, bodaboda na mikokoteni, zote ni mwendo wa chini.

Basi ni lini kufunga kabureta tofauti ni halali? Mwili wa ile ya asili ukiwa umepasuka au umeliwa na kutu mahali ambapo hapakerezeki. Au spea zake zikiwa hazipatikani kweli, baada ya kutafutwa. Hapo chagua iliyotengenezwa kwa kukaa kwenye injini hiyo. Weber 34 kwa Land Rover ni mfano mzuri, kwa kuwa inauzwa ikiwa na jeti za injini hiyo, na tundu moja kwa tundu moja. Kama huna budi kuchukua ya gari lingine, itoke kwenye injini ya ukubwa unaokaribiana, bamba likerezwe kwa mashine na litoboke sawasawa na manifoldi, kipaipu cha distributa kiende kwenye kitundu chake, ea klina ipate bomba, pampu ibaki na msukumo wake. Nunua jeti, usitoboe. Endesha, chomoa plagi, soma rangi: nyeusi yenye masizi imezidishiwa, nyeupe imepunjwa, ya kahawia imekaa. Na ile ya zamani usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ifunge kwenye nailoni uiweke, maana ndiyo pekee iliyopimwa kwa injini yako.

Hayo yote mafundi wengi wanayajua. Nimekaa nao, nawaheshimu, na sikubali wanapobebeshwa lawama peke yao. Fundi akitumia asubuhi nzima kunyonya vipaipu, kupima pointi na kusugua kifuniko kwenye kioo, mchana akisema tatizo lilikuwa kiwambo, mwenye gari anamwambia: "Sasa kwani umefunga nini?" Anampa hela ya soda. Fundi yule yule akileta kabureta imefungwa kwenye gazeti, akaifunga ndani ya saa mbili, analipwa kazi na anapata chake kwenye spea. Mtu mwenye watoto atachagua ipi? Tumeitengeneza hukumu hii kwa pochi zetu, kisha tunaiita utaalamu.

Kwa hiyo mabadiliko ninayoyadai yaanzie kwetu wenye magari. Kubaliana na fundi bei ya kupima kabla ya bei ya kufunga, na mlipe hata asipofunga kitu. Dai namba: pointi zilikuwa ngapi, tapeti ngapi, mgandamizo wa kila silinda ngapi, kilomita kwa lita ngapi kabla na baada. Akikuambia kabureta imechoka, akuonyeshe ilipochokea. Asipokuwa na cha kukuonyesha, chukua funguo zako uende gereji ya pili.